Kitabu Ambacho Mwalimu Kalondu Aliniomba Niandike

Wiki ya tano sasa, na bado nikiingia staffroom naangalia kiti chake kwanza. Mwalimu Kalondu ameenda kweli? Akili yangu imekataa katakata.

Nyinyi mnaoandika "pole" na "heaven has gained an angel" hapa kwa comments, asanteni. Wengine wenu nawajua. Ni nyinyi mlisema anaharibu chaki kwa watoto wasiosikia.

Hata mimi nilicheka, tusidanganyane. Alikuwa na watoto sita wenye usonji kwa chumba kilichokuwa store ya mahindi ya shule yetu, hapa nje kidogo ya Mbumbuni. Nilimwambia, "Wewe si mwalimu, wewe ni yaya mwenye payslip."

Akanijibu, "Na wewe Mwikali ni kasuku mwenye chaki. Angalau wangu wakijifunza neno, wanajua ni la nini."

Alikuwa akiwaandikia vitabu. Vitabu ni kusema tu: karatasi sita zilizoshonwa kwa uzi wa gunia, picha alizopiga na simu, na sentensi moja kila ukurasa kwa mwandiko mbaya ajabu. Kila mtoto alikuwa na chake, kuhusu maisha yake mwenyewe.

Jambo lolote jipya likikaribia, iwe kinyozi, chanjo au mwalimu mgeni, aliliandika kwanza. Wanalisoma pamoja mpaka mtoto ajue ni nini kinakuja na yeye atasema nini.

Mumbua, mmoja wa hao sita, alifika miaka tisa bila kujibu salamu ya mtu. Huku kwetu mzee akikuambia "wakya" nawe usijibu "aa", umemtukana. Nyanyake alishaamua kwamba huyo mtoto ana laana.

Kalondu akaenda kwao, akampiga huyo nyanya, susu kwa lugha yetu, picha akiwa amenuna vile vile, akaandika: "Huyu ni Susu. Susu akisema wakya, mimi nasema aa."

Walikisoma term nzima. Asubuhi, baada ya uji, kabla ya kwenda nyumbani. Darasa langu lilikuwa upande wa pili wa ukuta na nilikuwa nimechoka nao kabisa, na huyo Susu wao.

Siku moja nyanya akaja kumchukua. Akasema "wakya" kwa mazoea tu, hata hakuwa anamwangalia. Mumbua akasema, "Aa."

Yule nyanya mkali aliketi chini kwa vumbi na leso yake mpya. Kalondu akamwambia, "Susu, simama tafadhali. Atafikiri huo ni ukurasa unaofuata."

Kutoka hapo mtoto akafunguka. "Nataka maji." "Sitaki kelele." Na kila asubuhi, akisikia viatu vya Kalondu nje: "Mwalimu anakuja."

Halafu saratani ikaingia. Nilienda kumwona hospitali, nikamkuta amebaki mifupa na mdomo.

"Mwikali, nipige picha."

"Na hii sura?"

"Hii hii. Uandikie watoto kitabu. Mwalimu ni mgonjwa. Mwalimu atakufa. Hatarudi darasani. Ongeza hapo kwamba sijawakasirikia. Na Mumbua usimfiche kitu, huyo atasubiri."

Na mimi, mama wa maombi, kiongozi wa choir, nikafanya nini? Nikamkemea mgonjwa. "Ashindwe! Hiyo ni roho ya mauti inaongea. Kiri uzima, Kalondu!" Simu nikaitia kwa mkoba, nikamwekea mikono kichwani nikaomba kwa sauti mpaka nesi akaja kunitoa.

Kalondu akasema, "Mimi sijakuomba uniponye. Nimekuomba picha."

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa wa imani. Alikufa baada ya siku nne.

Mamake Mumbua aliambiwa asimlete mtoto mazishini, atasumbua ibada. Mnataka kujua ni nani alimwambia? Ni mimi, nilikuwa kwa kamati. Pastor akahubiri saa nzima vile marehemu alivyowapenda hawa malaika, na kwa hema hakukuwa na malaika hata mmoja.

Jumatatu Mumbua akaja shule. Akaketi mlangoni pa kile chumba, kimefungwa na kufuli. "Mwalimu anakuja," akasema. Alisema hivyo siku nzima, na Jumanne, na Jumatano.

Ijumaa akanyamaza. Hakuomba maji tena. Nyanyake akisema "wakya", hakuna jibu. Mamake akaniuliza, "Mwalimu, kwani maneno huisha?"

Juzi ndiyo nimeandika kile kitabu. Picha ya hospitali sina, niliikataa kwa jina la Yesu. Nilitumia ya kaburi, udongo bado umevimba.

Nikamketisha Mumbua. "Mwalimu Kalondu alikuwa mgonjwa. Mwalimu Kalondu amekufa. Hatarudi darasani. Hajakukasirikia." Nikarudia, nikarudia tena, kama nilivyokuwa nikisikia kupitia ukuta. Mara ya sita sauti ikanikatika katikati ya ukurasa wa pili.

Mumbua akaweka kidole kwenye neno, akanimalizia. "Amekufa."

Mamake alikuwa mlangoni. Akapiga magoti, akapaza sauti: "Asante Yesu! Ameongea!" Mtoto kuona mama amefurahi hivyo, akalisema tena kwa nguvu zaidi, amekufa, amekufa, na mamake akimpigia makofi huku analia.

Pumzika sasa, Kalondu wangu. Mtoto wako anaongea tena, na hilo ndilo neno nililompa.