Vidole vya Akai

Siku ya kwanza kazini Lodwar nilivaa viatu vya visigino. Mnacheka? Chekeni tu. Nilikuwa nimetoka Voi na vyeti vyangu kwenye bahasha, wakili aliyeapishwa juzi juzi, na hakuna aliyeniambia kwamba kutoka stendi hadi ofisini ni mchanga mtupu. Nilifika nimevishika viatu mkononi, jasho linanitiririka, nikamkuta Mkurugenzi wa ofisi yetu ya msaada wa kisheria akimfukuza mbuzi koridoni kwa faili. Aliniangalia miguu kwanza. "Wakili," akasema, "hapa sheria huja kwa miguu. Ukiiona imechoka usiichape, ipe maji." Nilidhani jua limemwingia kichwani.

Vijana siku hizi wananiuliza niliingiaje katika kutetea haki za kidijitali, kana kwamba kulikuwa na mlango ulioandikwa hivyo nikabisha hodi. Hapakuwa na mlango. Kesi zetu za mwanzo zilikuwa za mifugo iliyoibwa, wajane walionyang'anywa ploti, na kule Lokichar, malori ya wakandarasi yaliyogonga ngamia na kwenda zake. Nilijifunza kuandika hati za kiapo, yaani maelezo ambayo shahidi huapa kuwa ni ya kweli kisha akayatia saini, na mashahidi wangu wengi saini yao ilikuwa dole gumba. Nilitembea na kidau cha wino mkobani. Nilikishika kidole cha mzee, nikakibonyeza kwenye wino, nikakiweka kwenye karatasi, kazi imekwisha. Wakati huo kidole kilikuwa rafiki wa mtu.

Miaka ikapita, Mkurugenzi akanihamishia Kakuma. Bosi wangu huko, Mratibu wa kituo, alikuwa kijana mwembamba wa Nairobi, umri wa mwanangu kabisa, kinywa kimejaa Kiingereza. Aliniita Mama Wakili, na jina hilo likaninata. Nilimdharau kidogo, sifichi. Lakini yeye ndiye aliyekuwepo asubuhi aliyokuja Akai.

Alisimama mlangoni, msichana mrefu mwenye shanga chache shingoni na sare ya shule aliyokwisha kuimaliza.

"Ejoka?" nikamsalimu.

"Ejok, Mama. Nimeambiwa mimi si Mkenya."

Ala! Baba yake Mturkana, mama yake Mturkana, amezaliwa nyuma ya mji wa Kakuma, leo si Mkenya? Nikamvutia kiti. Akai alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi Lodwar. Alitaka kitambulisho, kwani bila hicho chuo hakimwandikishi. Alipoweka vidole kwenye mashine ya usajili, mashine ikajibu kwamba mwenye vidole hivyo ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na jina lake si Akai. Alirudi tena, na tena, na kila mara jibu likawa lile lile.

Nikamwita mama yake. Mama hakuzungukazunguka. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, mbuzi wamekufa, yeye anauza kuni katika kambi ya wakimbizi kwa kubadilishana na unga. Alikuwa na rafiki huko, mama mkimbizi aliyeitwa Nyandeng, mteja wake wa kuni. Watoto wa mama yake Akai wanalala njaa, na Nyandeng anaona. Siku ya kuandikisha familia kwa ajili ya chakula, Nyandeng akamwambia, "Nipe mmoja wako. Tutamwandika kwangu, mahindi yake utachukua." Basi akaazimwa mtoto, kama watu wanavyoazimana sufuria. Wengi walifanya hivyo. Akai, meno ya mbele yameanza kung'oka, akaweka vidole vyake kwenye kioo, na jioni akala.

"Nilikosea?" mama akaniuliza.

"Hukukosea," nikamwambia, na ningemwambia hivyo hata leo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mratibu alikuwa amesikiliza yote. "Mama Wakili, hii ni kesi ya data," akasema.

"Data gani wewe? Hii ni kesi ya njaa."

"Ni njaa iliyoingizwa kwenye kompyuta. Haitoki yenyewe."

Alikuwa amesema kweli, bwana mdogo yule. Usiku huo huo nikaanza kusoma upya kama mwanafunzi. Nikajua kanzidata, ambayo ni ghala la taarifa ndani ya kompyuta, na nikajua kwamba ghala la kambi na la vitambulisho sasa yalikuwa yanasemezana. Nikajua ridhaa, yaani kukubali jambo ukiwa unalielewa. Mtoto anayeng'oka meno anaridhia nini? Tukaandika ombi la kikatiba, kesi ambayo mtu humwambia jaji kwamba haki yake iliyoandikwa katika Katiba imevunjwa. Vijana wengine wa Kakuma wenye shida hiyo hiyo wakajiunga. Akai akawa mlalamishi wa kwanza, jina lake ndilo juu ya faili.

Hamjui maisha bila kile kijikadi yalivyo. Akai hakuweza kusajili laini ya simu, kwa hiyo hata ndugu wa kumtumia pesa hakuwa na pa kuzituma. Hakuna duka la kumwajiri. Ilibaki kazi isiyouliza jina. Akashuka lagani, ule mto mkavu, akakaa na kina mama wanaoponda mawe kuwa kokoto ya kuuzia wajenzi. Nyundo mkono mmoja, jiwe mkono mwingine. "Ni ya kungojea tu," alinambia.

Kabla kesi haijasikizwa, Afisa Msajili alikuja ofisini kwetu mwenyewe, mtu mstaarabu, kofia mkononi. Nilikuwa nimempeleka mzee wa ukoo kwake awali, akachora mchangani chapa ya ngamia wa baba yake Akai, ile alama ambayo kila ukoo huchoma mifugo yake. Kwa Mturkana huo ndio ushahidi, haubishaniwi. Afisa alikuwa amejibu, kwa huzuni ya kweli, kwamba mashine haisomi ngamia. Sasa alikuja na jambo lingine. Akai akiondoa jina lake kwenye kesi, yeye atafutwa kwenye orodha ya wakimbizi kimya kimya na kupewa kitambulisho.

Nilimwambia Akai akubali. Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi, nikarudia. Chuo kinakungoja, mwanangu. Chukua uende.

Akatazama nje, wale wenzake walikokuwa wamechuchumaa kivulini. "Na hao?"

"Hao nitawapigania mimi."

"Mimi nikitoka, serikali itasema kesi imeisha. Mama, mimi siwezi kula peke yangu. Hata yale mahindi hatukula peke yetu."

Nilimkemea. Nikamwambia ukaidi si ushujaa. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akarudi lagani.

Siku ya kusikizwa, Mahakama Kuu pale Lodwar, jaji akauliza mlalamishi wa kwanza yuko wapi. Nikageuka, kiti kitupu. Simu ya mwenzake ndiyo iliyonijulisha. Polisi wa kizuizi cha barabarani wamemteremsha kwenye gari kwa kuwa hana kitambulisho, na kwenye orodha yeye ni mkimbizi anayesafiri bila kibali.

"Mheshimiwa," nikasema, "mlalamishi amezuiwa njiani kwa sababu ya jambo lile lile tulilokuja kulizungumza."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, nami nikajua moyoni kwamba tumeshinda.

Tulishinda, naam. Lakini lini? Faili lilipotea, likapatikana. Jaji akahamishwa, akaja mwingine aanze upya. Upande wa serikali ukaomba muda, ukapewa, ukaomba tena. Kila nilipokwenda kumwambia Akai tarehe mpya nilimkuta chini ya gunia alilotundika kuzuia jua, anaponda. Mwaka mmoja ana mimba. Baadaye ana mtoto mgongoni, halafu wawili. Chuo kilikwisha kumpa nafasi yake mtu mwingine. Hata mara moja hakunilaumu, na heri angenitukana. Mratibu alirudi Nairobi kwa kazi kubwa zaidi, na mimi nikawa mzee katika faili hilo.

Siku ya hukumu kina mama walipiga vigelegele mpaka karani akaogopa. Mahakama iliamuru vidole vya walalamishi wote vifutwe kwenye kanzidata ya kambi na wapewe vitambulisho vyao. Wale wenzake Akai walivipata, mmoja baada ya mwingine. Yupo anayeendesha bodaboda ana leseni. Yupo aliyefungua duka la simu. Msichana mmoja ni muuguzi Lodwar hivi ninavyoandika, na amenidunga sindano kwa mkono mwepesi.

Akai alisubiri wengine watangulie, ndivyo alivyo. Nilimsindikiza mwenyewe. Akavaa gauni safi, akaweka vidole vinne kwenye kioo. Afisa akatazama. Akamwambia afute jasho. Akaweka tena. Akajaribu mkono wa kushoto, kisha gumba moja moja, akasafisha kioo kwa kitambaa, akajaribu tena. Mwishowe Afisa akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mashine haioni vidole."

Nilivishika vidole vile, mimi niliyeshika vidole vya wazee wangapi na kidau changu cha wino. Vilikuwa laini kama kokoto ya mtoni, laini ya kusagika. Ile mistari aliyoiweka kwenye kioo akiwa mtoto ilikuwa imebaki kwenye mawe. Nililia mbele ya maafisa wa serikali, na sioni haya.

Afisa alisema hutokea kwa watu wa kazi ngumu. Apumzishe mikono, apake mafuta, ngozi itarudi kidogo, aje tena. Apumzike! Watoto wale nini? Mwezi huo nilikuwa ninastaafu, ofisi imeninunulia saa ya ukutani na kunisomea hotuba. Nikamchukua Akai na wanawe nyumbani kwangu Lodwar. Kila jioni nilimpaka mafuta mikono yote miwili, na kila asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu anasugua masufuria kwa mchanga. "Weee! Weka chini!" Aliweka, akasogea mbali, akaanza kufagia.

Mawakili vijana hunitembelea na kompyuta zao, wanataka nifundishe. Wanazijua sheria za faragha kuliko mimi. Nawaambia jambo moja: mkifungua kesi, muulizeni mteja mikono yake itafanya nini wakati kesi inangoja. Wanaandika, wanaitikia kwa kichwa. Nina majuto na nina hasira, na sitaki kuambiwa nipunguze. Sheria ilifika, kweli, lakini ilifika kwa miguu, na yule aliyeipa maji njia nzima ni yeye aliyebaki na kiu.

Tuliporudi kwa Afisa mara ya pili, mashine ilisoma vidole vitatu, na vikatosha. Kitambulisho kilipokuja, Akai alikishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Tulikwenda chuoni. Walimpokea vizuri, wakamweleza aombe upya, na wakamweleza karo ilivyo sasa. Alishukuru. Njiani akaniambia kesho atarudi Kakuma na watoto, kwa sababu kuna mtu anajenga na anataka kokoto.

Nilimsindikiza hadi stendi. Alikuwa amefunga kadi ile kwenye pindo la shuka yake, mafundo mawili.

"Mama Wakili," akasema, "nikianza kuponda tena, mwaka ujao nikitakiwa vidole mashine itanijua?"

Wakili hufundishwa asimwahidi mteja asilolijua. Lakini mimi nilikuwa nimestaafu. Nikamwambia ndiyo.