Shingo Niliyoipasua

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, Bwana Daktari wetu mjini Arusha alinishika kidole akakiweka ubavuni mwa shingo yangu mwenyewe.

"Unasikia nini?"

"Inadunda, Bwana Daktari."

"Hiyo ni ateri, inapeleka damu kichwani. Pembeni yake ni vena, inairudisha moyoni. Si ndiyo ile mnayowatoboa ng'ombe kwa mshale mpate damu ya kunywa?"

"Ndiyo yenyewe, bwana. Sisi Waarusha tunaijua tangu utotoni."

"Basi dresa wangu hana la kujifunza!" Akacheka. Kisha akanionyesha msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua. "Uvimbe wowote hapa, mbele au nyuma ya msuli huu, dresa hapasui. Mlete mgonjwa kwangu."

Dresa ndiye aliyefunga vidonda, kuchoma sindano na kupasua majipu. Nilikuwa hodari. Baada ya miaka michache nikapewa zahanati karibu na Kikatiti, peke yangu. Huko akaja Mama Ndeshi, mkulima wa Kimeru, ana tezi lililovimba nyuma ya msuli ule. Nikamwambia aende mjini.

"Kahawa imeiva, dresa. Nimwachie nani, ndege? Pasua."

Nikapasua. Nilichoogopa ni damu tu, na damu nilijua inapita wapi. Ilitoka kidogo sana, nikajisifu. Sikujua kwamba mahali pale, karibu kabisa na ngozi, unapita mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi, unaoinua bega. Ng'ombe hawakunifundisha huo.

Kidonda kilipona vizuri. Bega likashuka, na mkono ukagoma kupanda juu ya kichwa. Nikampeleka mjini mwenyewe, nikakiri.

Bwana Daktari hakupiga kelele. "Umekata uzi ambao hata mimi siwezi kuushona," alisema. "Mwambie wewe, kwa mdomo wako."

Nikamwambia.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na niliwatibu wengi vizuri. Hilo nalisema bila haya. Lakini shingo sikuigusa tena kwa kisu. Ninyi mnaosomea uganga leo mna picha za kila mshipa. Zitazameni kabla ya kusikiliza sifa zenu.

Nilipostaafu nilikwenda kumsalimu Mama Ndeshi. Nilimkuta shambani, anavuta matawi ya kahawa kwa fimbo yenye kulabu. Nikaanza kuomba radhi upya, akanikatiza.

"Maneno hayo nimeshayasikia, dresa. Vuta tawi lile la juu. Mkono wako si unafika?"

Nikalivuta, naye akachuma.