Alichokuwa Akifuga Marehemu

Marehemu mume wangu alianza na tangi. Wengine huanza na samaki, wakamuua, kisha wakarudi kumlaumu aliyewauzia. Yeye alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Tegeta, kwa hiyo vioo alikata mwenyewe, akaviunga kwa silikoni, akaliweka sebuleni pale palipokuwa na kabati langu la vyombo. Nilinuna haswa.

Alitaka bunju, yule samaki anayejivimbisha. Mtoto wa pwani ya Lindi, aliyekua akiambiwa kwamba bunju ni sumu na ukimla hupati hata nafasi ya kuaga, akataka kumfuga ndani! Muuza samaki wa mapambo alimwambia kwamba bunju yule mdogo mwenye madoa, anayekaa mto unapoingia baharini, hataki maji ya bahari wala ya mvua. Anataka ya chumvichumvi. Kisima chetu huharibu chai kwa chumvi, kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika. Akaongeza madumu ya maji ya bahari kutoka Kunduchi, kisha akatumbukiza kamba mbichi ndani ya kipande cha soksi, aoze humo.

"Sasa samaki yuko wapi?" nikamuuliza.

"Bado. Maji hayajaiva."

Kuiva kwenyewe ni hivi: kitu kinaoza, sumu inapanda, halafu taratibu vinazaliwa vijidudu vya kuila ile sumu. Ukitia samaki kabla, anakufa. Ukiacha kuyalisha maji, vijidudu navyo vinakufa. Basi unalisha tangi tupu.

Kabla hayajaiva, mume wangu alijilaza mchana baada ya kula, hakuamka.

Nikakaa eda. Mama mkwe akaja kutoka Lindi kukaa nami. Pampu ikaendelea kunguruma, mapovu yakipanda, taa ikiwaka juu ya maji yasiyo na mwenyewe. Kila asubuhi nilibana pua nikatia kipande cha kamba. Vilivyokuwa hai mle alivianzisha yeye, na mtoto hatukujaliwa. Ikifika adhana ya magharibi nilikuwa nasikia mtu sebuleni anavuta pumzi. Nilijua ni pampu. Jioni moja nikaitika, "Abee."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

"Mwanangu, unamlisha nani humo?"

"Hamna kitu, mama. Maji tu."

"Maji hayalishwi." Akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Aliniambiaga kwenye simu anataka kufuga. Mie nikajua kuku."

Hapo ndipo nikaelewa. Kwetu ukisema fulani anafuga, ukaishia hapohapo, kila mtu anajua ni jini la mali. Na anayefuga, siku akishindwa kumlisha, huliwa yeye. Wenye midomo yao walikuwa wameshamnong'oneza msibani. Nilipandwa na hasira. Mtu asiyeacha swala hata safarini, leo anaitwa mfuga majini kwa sababu ya kamba aliyeoza! Lakini kumwapia mama kungesaidia nini? Angeona nami jini limenifunga mdomo. Ilibidi samaki aonekane kwa macho.

Nikawa napima maji kwa matone ya dawa aliyoacha. Rangi ikitoka kijani, sumu ipo. Ilitoka kijani, na kijani, na kijani. Mama alikuwa akinitazama kutoka mlangoni na tasbihi yake, sebuleni haingii. Asubuhi moja ikatoka njano. Nikapima tena, njano. Nikampigia muuza samaki.

Bunju akaletwa na bodaboda, ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi nimo edani, hivyo mama ndiye aliyempokea, kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kichanga, akamleta hadi kwenye tangi. Nikamfungulia. Mdogo kama ndimu, tumbo jeupe, kila jicho likizunguka kwa safari yake. Alikagua kona zote, akaja kusimama kwenye kioo, mbele ya mama.

"Bunju," mama akasema. "Kumbe bunju tu."

"Bunju tu, mama. Hakufuga kingine."

Nilitegemea atamshukuru Mungu. Tabasamu nilikuwa nimeshaliandaa. Mama akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa khanga, akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia.

"Bora angekuwa jini," akasema. "Jini ningemlaani. Sasa nimlaani nani?"