Fusible Mkononi Mwangu

Bwana yangu Yakubu anaota macho wazi. Anafunga antena za simu ndani ya majengo ya Kisangani, yale ya zamani yenye kuta nene, ambamo réseau, mtandao wa simu, inakufa ukivuka mlango tu. Akipanda juu ya paa, basi tena: anaangalia mto unavyoteremka kuelekea Yangambi, chakula kinapoa. Mimi ndiye ninayekasirika kwa ajili yetu wawili.

Lakini kwa mambo ya courant, ya umeme, wallahi, haoti. Kabla ya kupanda anazima, anatoa fusible, kile kipande kidogo kinachopitisha courant, anaitia mfukoni mwake. Hakuwa amewahi kumwachia mtu.

Siku ile nilimpelekea pondu na samaki kazini, kwenye jengo ambamo alikuwa anatengeneza antena. Mtoto wetu Aziza alikuwa kwenye uchungu huko Yangambi tangu alfajiri, na mimba yake ya kwanza, kabla ya hii, ilikuwa imetoka. Nilitaka Yakubu aache kazi, tukae barabarani kwenye réseau, tungoje simu. Badala yake alinitia fusible mkononi.

"Shika. Ikae hapa kwa ngazi na wewe. Usipatie mutu mpaka uone miguu yangu yote miwili chini."

"Na Aziza akipiga simu?"

Alifunga mkanda wake kiunoni, akapanda.

Nikakaa. Jengo lote likanyamaza, simu yangu bila réseau ndani ya kitenge. Harufu ya mvua ikaingia, na mimi nikasinzia: maji ya mto yakapanda ngazi polepole, bila kelele, na Aziza mdogo anatembea juu yake na gauni lake jekundu, ananiita. Nikashtuka.

Alikuwa papa Désiré, sentinelle, mlinzi wa jengo.

"Mama, watu wa juu wanalalamika, réseau hakuna. Na uliniambia Aziza anazaa leo. Bon, uniachie hiyo kitu, uende inje usikie habari ya mutoto."

Eh, Mungu wangu, nilisimama! Barabara ilikuwa pale pale. Nilifungua vidole. Lakini Désiré ana roho nzuri, hawezi kumkatalia mtu, wangemwambia arudishe courant naye angerudisha. Na Yakubu mikono yake ilikuwa ndani ya nyaya.

"Toka hapa! Unataka nipate habari ya Aziza nipoteze baba yake?"

Nililia, sifichi. Yakubu aliposhuka, nilingoja mguu wa pili uguse sakafu, ndipo nikamtupia fusible yake.

"Una roho gani wewe? Kwa nini leo unipe mimi?"

Alikuwa anafungua mkanda wake. "Ingekuwa kwa mufuko yangu, ningeshuka kila mara kuirudisha, nimusikie Aziza. Alafu ningepanda mbio bila kuzima. Leo nilijiogopa mimi mwenyewe."

Akairudisha fusible mahali pake, réseau ikafika mpaka ngazini. Tukakaa ngazini, simu katikati yetu, mpaka ikalia.

Hatukusikia sauti ya Aziza kwanza. Kuna mtu alikuwa analia kwa nguvu zake zote, mdogo, mwenye hasira. Yakubu akanishika mkono, akaniuliza kama na mimi ninasikia.