Mikono ya Jinari

Lori likirudi nyuma karibu nami, mikono yangu huinuka yenyewe na kupishana juu ya kichwa. Wajukuu hucheka, humwambia mama yao kwamba bibi anafukuza nyuki. Nawaacha wacheke, maana kueleza ni kazi.

Ishara hiyo ni ya jinari, kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu zake, nje kidogo ya Tororo. Nilifanya kazi pale nikiwa msichana. Mashine zilinguruma kiasi kwamba hata mtu akikupigia kelele sikioni uliona mdomo tu ukicheza, kwa hiyo tuliongea kwa mikono. Kushika kidevu: nyapara anakuja. Kusugua tumbo: uji umeiva. Kupishanisha mikono miwili juu ya kichwa: simama, zima, kuna mtu hatarini. Hiyo ya mwisho ilitaka mikono miwili makusudi, isije ikadhaniwa mtu anajikuna.

Mume wangu alinitongoza kwa mikono hiyohiyo, mbele ya mstari mzima wa wanawake. Aliuliza kama nina mtu, nikajibu sina, na kabla sijashusha mkono jinari yote ilikuwa imeshajua. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala raha kama ile.

Miaka michache baada ya uhuru jinari ikafungwa. Pamba ilianza kupelekwa kwenye mashine kubwa zaidi, na za kwetu zikaambiwa zimezeeka. Mmoja wetu akawa fundi baiskeli, wengine wakaenda kukata miwa, wengi wakarudi kwenye jembe. Sisi tulikwenda kijijini Mella kwa kaka yake mume wangu, tukalima pamoja naye.

Kule Mella kulikuwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichonionyesha kwamba nimeolewa na kiziwi. Nilimwita kula mara tatu, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Nikadhani amenuna. Nikanuna na mimi siku mbili nzima, naye hata hakujua kwamba tumegombana. Mle jinarini sote tulikuwa viziwi, basi nani angegundua? Yeye mwenyewe nadhani alikuwa anajua, ila hakuwahi kupata sababu ya kusema.

Shemeji zangu walisema ana maringo, haitikii salamu. Sikuwaambia kitu. Shamba nalo lilikuwa dogo kwa nyumba mbili, na manung'uniko yalikuwa makubwa. Mimi ndiye niliyesema twende Busia, mpakani, ambako malori yalikuwa yanahitaji watu wa kupakua mizigo. Yeye hakutaka.

"Mama watoto," aliniambia, "jembe halitaki masikio."

Nikamjibu kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Nilimjibu kwa mdomo na kwa mikono pia, nisije nikasikia kisingizio kwamba hakunielewa. Maneno hayo ni yangu, hakuna wa kugawana naye.

Nyapara wa godauni kule Busia alikuwa mtu wa upande wa Kenya, mwenye masharubu yaliyofunika midomo yote miwili. Kumsoma mdomo mtu yule ilikuwa sawa na kusoma gunia. Nilisimama nyuma yake na bakuli la chakula kichwani, nikijifanya mke aliyeleta chakula, na kila alipouliza swali nililirudia kwa vidole. Mume wangu akajibu yote sawasawa, ila kwa sauti ya kupasua paa. Nyapara akauliza kwa nini anapiga kelele. Nikamwambia alikuwa jinarini miaka mingi, amezoea. Akacheka, akampa kazi siku ileile.

Basi na mimi nikahamia pale. Niliweka meko na benchi mkabala na mlango wa godauni, nikauza chai na mandazi, na huku nikawa masikio yake. Nyapara akiita, nilishika kidevu. Lori likija, nilipishanisha mikono. Makuli walinitania kwamba nina wivu, simwachi mume hata dakika. Tuliishi hivyo karibu mwaka, na naweza kusema tulikuwa na furaha. Tulihofia jambo moja tu, kwamba siri ya masikio ikijulikana kazi imekwisha.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri, jua kali. Nilikuwa nimeshika birika la chai mkono wa kulia na sinia ya gilasi mkono wa kushoto. Yeye alisimama katikati ya uwanja, amenielekea, anasugua tumbo: uji umeiva? Alikuwa anacheka. Nyuma yake lori likaanza kurudi.

Nikapiga kelele. Mimi, niliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hasikii, nilimwita kwa mdomo. Makuli wote wakaita, taniboi wa lori akaita akipiga bodi kwa kiganja. Mume wangu aliuona mdomo wangu umefunguka, akadhani namtania, akazidi kucheka.

Matangani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Ilibidi nishikwe nisiwarukie.

Nyapara alikuja nyumbani siku ya tatu, akavua kofia, akakaa chini kabisa ingawa alipewa kiti. Alikuwa mtu mwema, na jambo lile lilikuwa linamla.

"Mama, sisi wote tuliita," alisema. "Kwa nini hakusikia?"

Kazi ilikuwa imekwisha, hakuna tena aliyeweza kumfukuza. Hata hivyo nilimjibu kwamba sijui. Akainamisha kichwa, akaniambia jambo alilofikiri litanifariji: kwamba waliponifikia pale uwanjani nilikuwa bado nimesimama, birika mkono mmoja na sinia mkono wa pili, na chai haikuwa imemwagika hata tone.