Martina na Mtobozano wa Mwakitolyo

Martina alipofika Mwakitolyo, Nyamizi, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, alidhani ni mtu wa kodi. Viatu safi, mkoba begani, macho hayatulii.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kama umekuja kunifungia duara, umechelewa. Limeshafungwa.”

Binti akacheka. Akajieleza: mzaliwa wa Nyasubi, pale Kahama, yuko chuo kikuu mwaka wa mwisho, anasoma siasa na uhusiano wa kimataifa. Utafiti wake ni wa mipaka, jinsi majirani wanavyopatana bila mahakama wala jeshi. Amesikia habari za mtobozano.

Mtobozano ndio uliomnyima Nyamizi usingizi. Wachimbaji wake walifuata mwamba wa dhahabu chini kwa chini, wale wa jirani yake Marwa wakaufuata huohuo kutoka upande wa pili, mpaka ukuta ukatoboka wakamulikana tochi usoni. Desturi ya machimbo ni moja: mkitobozana, wote mnapanda juu, na nyundo haigongi tena mpaka wenye maduara wapatane mbele ya mwenyekiti wa machimbo. Nyamizi na Marwa walikuwa wameshatukanana hadi matusi yakawaishia. Isitoshe, mwanamke hashuki duarani, eti dhahabu itakimbia. Huo mpaka aliougombania, Nyamizi hakuwahi kuutia machoni.

Na upande wa Masumbwe kulikuwa kumetoka rashi mpya, dhahabu mbichi inayokimbiliwa na kila mtu. Kila kukicha mchimbaji wake mmoja alifunga godoro, akapanda bodaboda, huyo.

“Unataka maneno yangu,” Nyamizi akamwambia binti. “Hapa hata swali lina bei. Nenda kwa Marwa, uniletee anachotaka.”

“Kwenda nitakwenda, mama, ila simsemei mtu. Nikiegemea upande mmoja, kazi yangu imekufa. Lazima nyote mniamini.”

“Haya, balozi usiye na nchi. Nenda.”

Miguu ya Martina haikujua kukaa. Chai ya huku haijapoa, yuko kule. Marwa alimpenda, akamwita mheshimiwa, akamsimulia ugomvi wote wa machimbo tangu mwanzo. Binti akarudi na pendekezo: mstari usichorwe. Pale palipotoboka pachimbwe na watu wa pande zote mbili, mawe yagawanywe juu, mchana, kila mtu akiona.

“Marwa anasemaje?”

“Anasema yeye hana haraka. Mwenye haraka ni wewe.”

Nyamizi akaelewa. Yule bwana anangoja kambi yake iishe watu. Uso akautuliza.

“Mwambie nami sina haraka. Msimamizi wangu Donatus yuko njiani kutoka Geita na kikosi kizima. Wakifika nafungua duara jipya kule mbele, nimtangulie kwenye mwamba.”

“Kweli, mama?”

“Ng'wanone, mwanangu, nikudanganye wewe nipate nini?”

Donatus alikuwa Masumbwe kwenye rashi, akichimba kwa watu wengine.

Martina akaufikisha ujumbe. Kesho yake Marwa akaja mwenyewe kwa mwenyekiti, akakubali kuchimba kwa ubia. Wakapeana mikono mbele ya mashahidi.

Kazi ilipoanza, kwa Nyamizi walishuka watu wa kuokoteza, na kutoka Geita halikuja hata gari moja. Marwa akawatazama, kisha akamgeukia Martina.

“Mheshimiwa, kumbe ulitumwa.”

“Nami nimedanganywa, baba.”

“Sasa huko chuo wanakufundisha nini? Yote niliyokueleza yafute. Sikumweleza mpelelezi.”

Ubia hakuuvunja, mkono ameshautoa mbele ya watu. Martina alifuta yote, kisha akaenda kwa Nyamizi.

“Umeniua, mama.”

“Hujafa. Baki hapa uwe msemaji wangu. Ukisubiri kazi ya ubalozi utaota mvi.”

“Nitaandika ulichonifanyia.”

“Andika. Jina langu tu usilikosee.”

Binti akaondoka jioni ileile. Utafiti wa kambi moja ulikataliwa chuoni. Akaanza upya kwa mada nyingine, wenzake wakavaa majoho bila yeye.

Nyamizi alipata nusu ya mawe ya lile tundu, tena mazuri. Lakini maduara yalitobozana tena mahali pengine kabla mvua hazijakatika, na safari hii Marwa hakupokea mjumbe wa Nyamizi hata mmoja. Watu wakapanda juu. Maduara yote mawili yakakaa kimya mpaka yakajaa maji.