Mikono Juu Ukumbini Kasulu

Hadithi hii inanionesha mjinga, najua, kwa hiyo cheka mapema tuendelee. Ufundi wa taa nimeustaafu, na mstaafu ana haki ya kusimulia hata kama ndevu zake bado hazijajaa.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa harusi, Kitahana, kule Kibondo. Fundi Mkuu, mzee mfupi asiyevua kofia ya sufu, alinikabidhi dima, kile kisanduku cha vitufe: ukisukuma juu taa inawaka, ukishusha inafifia.

"Sikiliza, sha, kijana wangu," akasema. "Taa moja ya mbele inamwekea mtu kivuli cha pua mpaka kidevuni. Weka mbili, huku na huku, juu kidogo ya kichwa. Ukimwashia ya nyuma tu, umemgeuza mzimu."

"Na hizi za rangi zinazozunguka?"

"Hizo za furaha. Ukiona mikono juu, waongezee."

Nikashika hilo la mwisho tu. Kibondo nzima nilifanya kazi hivyo: mikono juu, naongeza, ukumbi unalipuka, "Fundi wa taa! Fundi wa taa!"

Mkurugenzi, yule mama mwenye vyombo vyetu vya taa, akanihamishia Kasulu. Nikapewa semina ya wakulima wa mihogo, peke yangu. Kila kikundi kinajieleza mbele ya kamati, na kitakachoieleza kazi yake vizuri kinaondoka na mashine ya kusaga.

"Hii siyo harusi," Mkurugenzi akaniambia. "Picha ya projekta pale ukutani ionekane, na msemaji aonekane."

"Nimeelewa, mama."

Wapi! Sikuelewa kitu.

Ikafika zamu ya kikundi cha Titye. Ni kikundi cha viziwi, wamekaa safu ya mbele. Msemaji wao, dada Neema, anaongea kwa mikono, na mkalimani kakaa mbele yake na maiki, anaitazama mikono ile na kuisema kwa sauti. Mimi nikaona picha ya mihogo ukutani imepauka kwa mwanga wa taa zangu. Nikashusha zote. Mihogo ikang'aa mpaka ukaitamani na maharage.

Mkalimani akanyamaza. Nikadhani maiki imekufa. Nikamtazama mtu wa maiki, naye akanitazama mimi.

Mara safu ya mbele mikono juu! Wanapunga kwelikweli. Nikasema moyoni, kumbe semina nazo zina raha. Nikaongeza. Nyekundu, kijani, zinazunguka. Mikono ikazidi. Mwenyekiti wa kamati akasimama: "Fundi wa taa! Fundi wa taa!"

Nikampungia.

Neema akashuka jukwaani, moja kwa moja mpaka kwangu. Nikajua anakuja kunitunza. Akachukua simu yangu mezani, akawasha tochi, akanishikisha, akanigeuza mkono mpaka mwanga ukaangukia mikono yake. Akaongea. Mkalimani akasema kwenye maiki, ukumbi mzima ukasikia:

"Anasema, umenifunga mdomo."

Nikazima za kuzunguka, nikapandisha zile mbili za mbele, nikazipinda zisiguse ukuta. Kumbe mtu na picha wanaweza kuonekana pamoja! Neema akaanza upya, toka mwanzo. Alipomaliza, mikono ya Titye ikaruka juu tena, inatikisika. Nikakagua dima, nikakagua nyaya. Kila kitu kinawaka. Sasa nimekosa nini tena?

Mashine ilikwenda Titye. Mkurugenzi baadaye aliuza vyombo, nami nikastaafu; siku hizi natengeneza simu sokoni Kibondo. Ila mteja akija bado namsogeza kwanza, mwanga umpate usoni. Hilo lilianza siku ileile, nilipomfuata Neema nje na mkalimani wake, nikamuuliza: dada, mbona mlinipungia nilipoharibu, na nilipotengeneza mkanipungia vilevile?

Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha mikono yake ikasema, na mkalimani akanipa:

"Mara ya kwanza tulikuwa tunakufokea. Mara ya pili ni makofi. Kutofautisha ni rahisi, kaka, unatazama sura zetu. Ila uziwashie taa kwanza."